Kabla ya Kuilaumu Mashine

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia. Vijana nikiwaambia hawaamini, hasa hilo la televisheni, maana Zanzibar miaka ileile walikuwa wakitazama picha za rangi. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994.

Marufuku ile haikutoka hewani. Kompyuta ya kwanza, aina ya ICT 1500, ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya miaka michache ikaja ICL 1900. Hesabu za Serikali zikahamishiwa humo, zikavurugika, kazi ikabidi irudi mikononi mwa makarani. Lakini mashine yenyewe ilikuwa inawaka. Kilichopungua ni watu: wataalamu wengi walikuwa wageni, Watanzania waliofundishwa kazi hiyo wakihesabika. Hukumu ikaangukia chombo. Aliyetaka kompyuta baada ya hapo aliomba kibali maalumu, na masharti yalilegezwa kidogokidogo tu.

Nimeikumbuka habari hiyo hapa Matai kwa sababu ya laptopu moja kuukuu isiyowaka. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, sasa marehemu, aliyekuwa akizunguka vijijini kurekodi wazee wakisimulia mambo ya kufua chuma. Binti yake ndiye aliyenikabidhi. Baadhi ya wazee wale nao wametangulia. Ukibonyeza kitufe: kimya, hakuna taa, hakuna feni. Kila aliyeiona alisema lilelile, “Hiyo imekufa, nunua nyingine.” Hukumu ya 1974 kabisa.

Fundi alikuwa na maoni mengine. “Mzee, tusiizike kabla hatujaipima,” akasema, na hakuigusa laptopu hata kidogo. Alianza na soketi ya ukutani, akachomeka simu yake kuona kama inachaji. Ana haki ya kuanzia huko. Matai leo ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, kwenye barabara ya kutoka Sumbawanga kushuka Kasanga, bandari ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Lakini kwa umeme, Rukwa ilikaa nje ya gridi ya Taifa miaka mingi, ikiutegemea ule wa kuvuka mpaka kutoka Zambia na majenereta ya dizeli. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huua chaja kabla ya kuua kompyuta. Ongeza radi za Ufipa wakati wa masika.

Akapima chaja kwa mita: volti 19, kama kibandiko kinavyosema. Akachomoa betri, akakishikilia kitufe kama nusu dakika ili chaji iliyobaki ndani iishe, akajaribu kwa chaja peke yake. Kimya. Akachomoa memori, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Kimya bado. Akatikisa tundu la chaja kuona kama lehemu imeachia. Imara.

Hapo ndipo binti wa marehemu alipouliza swali lililokuwa linanikaba mimi: na sauti za wazee je? Fundi akamtuliza. Diski ni kitu kingine na bodi ni kitu kingine. Bodi ikifa, diski huchomolewa na kusomwa kwa waya kwenye mashine nyingine, ilimradi yenyewe ni nzima. Nilishangaa ni watu wangapi hutupa vyote kwa pamoja.

Wafipa wa zamani wangemwelewa huyu fundi. Malungu yao, matanuru ya udongo yenye urefu wa mita tatu hivi, yaliyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto. Yalivuta hewa yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini kuzunguka tanuru. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye kitanuru kidogo cha kusafishia, kintengwe. Mawe yawe mazuri namna gani, na makaa yawe ya mti gani, hewa isipopita hupati chuma. Na hewa haionekani, kama umeme.

Alirudi kwenye chaja. Mita, akasema, inaipima ikiwa haina mzigo. Ikibebeshwa kazi inaweza kuanguka palepale. Akaazima nyingine ya volti zilezile na ncha ileile kutoka duka la jirani. Taa ya pembeni ikawaka rangi ya chungwa, feni ikakohoa vumbi. Betri ndogo ya saa ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kioo kilituambia ni Januari 1, 2009. Binti akafungua folda ya kwanza, na mzee mmoja akaanza kukohoa, kisha akauliza kwa Kifipa kama mashine tayari inasikia.