Élisabethville katika Kadi za Posta: Mji Uliopigwa Picha na Majina Yaliyoachwa Nje

Mtu anayeshika kadi ya posta ya zamani ya Élisabethville kwanza hutazama picha, kisha huigeuza atafute tarehe. Sisi tumezoea kuanzia kwingine, yaani kwenye mstari mmoja wa maandishi uliochapwa chini ya picha. Mstari huo ni mfupi, mara nyingi maneno matatu au manne tu, lakini ndio unaotuambia mchapaji aliona nini na alimtaka mnunuzi aone nini. Katika makala haya twakusudia kuusoma kama waraka wa historia ya mji wetu, tangu kuzaliwa kwake mwaka 1910 hadi miaka ya 1920. Kadi tuzitumiazo si nyingi: baadhi tumezishika kwa mikono yetu, nyingine tumeziona katika vitabu vya wakusanyaji.

Hapana budi kukumbusha mambo machache. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini, kupitia Rhodesia na Sakania, ilifika mahali palipokuwa pakipimwa mji mpya. Mji huo ulianzishwa na Emile Wangermée kwa barabara zilizonyooka zenye kukatana kama mistari ya daftari, ukapewa jina la malkia Elisabeth wa Ubelgiji. Tarehe 30 Juni 1911 tanuru la kiwanda kilichojengwa karibu na mto Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Wakati huohuo kadi za posta zilikuwa zimeenea ulimwenguni kuliko wakati mwingine wowote. Mkutano wa posta uliofanyika Roma mwaka 1906 ulikuwa umekwisha kukubali kwamba mgongo wa kadi ugawanywe sehemu mbili, anwani upande mmoja na barua upande wa pili, hata uso wote wa kadi ukaachiwa picha. Miji mikongwe ilipigwa picha ikiwa imekwisha kuzeeka. Huu wetu ulipigwa picha ungali na visiki vya miombo barabarani.

Ndiyo sababu kadi za kwanza zinavutia na kusikitisha kwa pamoja. Zinaonyesha barabara pana mno zisizo na watu, nyumba za matofali zenye mapaa ya bati, stesheni, tanuru, na mara kwa mara kichuguu. Vichuguu vya Katanga ya juu ni vikubwa kama nyumba, navyo viliwashangaza wageni. Tena udongo wake ulikuwa mzuri kwa kufyatulia matofali, hata twaweza kusema kwamba sehemu ya mji ilijengwa na mchwa kabla ya mafundi. Katika picha za namna hiyo huwekwa mtu mmoja mweusi kando ya kichuguu ili mtazamaji akadirie kimo chake. Maandishi hutaja kichuguu. Mtu yule hatajwi, kwa maana kazi yake pale ni kazi ya fimbo ya kupimia.

Tuitazame sasa lugha yenyewe. Tangu mwaka 1912 posta ya koloni ilitoa kadi rasmi zenye picha na stempu iliyokwisha kuchapwa, na jina la nchi liliandikwa juu yake kwa Kifaransa na Kiflandre. Nazo kadi za wachapaji wa watu binafsi, kama zile nyingi zilizotoka katika nyumba ya Nels ya Bruxelles, zilichapwa Ulaya: picha ilisafiri kwenda, kadi zikasafiri kurudi, na rangi mara nyingine zilitiwa na mtu asiyewahi kuuona mji. (Kwa hiyo anayetaka kujua wekundu wa udongo wetu asiiamini kadi ya rangi.) Mjini kwenyewe Kiingereza kilisikika sana katika miaka ile, kwa sababu reli, makaa ya mawe na mafundi wengi vilitoka kusini. Kiswahili nacho, kilichokuwa kimefika Katanga pamoja na biashara ya misafara tangu enzi za Msiri, kilikuwa kikijengeka kuwa lugha ya kazi. Hayo yote hayamo katika maandishi ya kadi. Mtu asiyekuwa na ushahidi mwingine angedhani kwamba Élisabethville ilinena Kifaransa na Kiflandre tu.

Hata hivyo maneno yana ukaidi wake. Kifaransa cha Wabelgiji wa Kongo kiliita ukumbi wa mbele wa nyumba barza, yaani baraza yetu, ambayo wageni walikaa chini yake kunywa chai na kuandika barua. Neno la wasiotajwa liliingia hivyo nyumbani kwa wenye kutaja.

Jina jingine lilipita kwa njia iyo hiyo, nalo ni Lubumbashi. Kwenye kadi, mji ni Élisabethville. Lakini kiwanda cha kuyeyushia shaba kiliitwa kwa jina la mto, kiwanda cha Lubumbashi. Malkia alipewa barabara, mto ukapewa moshi. Mwaka 1966 mji ulipobadilishwa jina, walikuwako waliolalamika kwamba historia inafutwa. Kadi zenyewe zinatupa jibu: jina hilo lilikuwapo siku zote, limefungiwa katika kiwanda.

Lipo pia jambo ambalo kadi hazikulipiga picha kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtaa wa Waafrika uliwekwa mbali na mji wa Wazungu. Huo ndio Kamalondo ya leo, uliojulikana wakati ule kwa jina la Albert. Kati ya miji hiyo miwili iliachwa ardhi isiyojengwa. Katika kadi tulizoziona kuna kanisa, kuna stesheni, kuna barabara moja iliyopigwa picha hata tukachoka nayo. Ardhi ile tupu haimo, ingawa kila mfanyakazi aliivuka kwa miguu asubuhi na jioni. Vivyo hivyo, kwa kuwa kadi zinaanza na reli, mtu aweza kudhani kwamba shaba nayo ilianza na reli. Kumbe watu wa nchi hii walikuwa wakiichimba, wakiiyeyusha na kuimimina katika umbo la misalaba karne nyingi kabla ya Union Minière.

Upande uliokosekana unao maandishi yake. Mwaka 1965 André Yav alikusanya, kwa Kiswahili cha mji huu na kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani, kitabu kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville, ambacho Johannes Fabian alikitangaza mwaka 1990. Kila tunapowasomesha wanafunzi twawashauri waweke kitabu hicho kando ya kadi. Yule aliyesimama nyuma ya kiti barazani, akishika sinia, ndiye anayesema humo, na anasema mengi.

Siku moja tulimpelekea mama mmoja mzee wa Kamalondo nakala ya kadi inayoonyesha barabara ya mji wa Wazungu. Tulitaka atutambulie nyumba. Hakuzitazama. Aliweka kidole pembeni kabisa mwa picha, juu ya kijana mwenye kubeba mzigo kichwani, ambaye sisi tulikuwa hatujamwona, akauliza: « Uyu ni mutoto ya nani? »