Uchomoaji wa ghafla wa kifaa
Uchomoaji wa ghafla ni hali ya kifaa kuondolewa kwenye kompyuta kabla mfumo endeshi haujaarifiwa. Katika saiba za Kitale na Bungoma, ambako wateja hufika na flashi ili kuchapisha barua za kazi, si jambo geni: mtu ana haraka ya kuwahi matatu, anaichomoa flashi huku taa yake ingali inamulika.

Mzigo wa kuikabili hali hii hukiangukia kiendeshi, yaani programu inayowasiliana na kifaa chenyewe. Tangu Windows 2000, mfumo hukipelekea kiendeshi ujumbe maalumu wa kuondolewa kwa ghafla. Linux nayo ina utaratibu wake kwa vifaa vya USB. Kiendeshi hupaswa kukataa maombi mapya, kuyarudisha kwa kosa yaliyokuwa njiani, kisha kungoja. Kungoja huko ndiko kunakowashinda waandishi wengi: wanaachilia kumbukumbu mapema, ilhali programu nyingine bado imefungua faili, na mashine nzima inaanguka. Kwa kadi za PCI Express, kusoma kifaa kisichokuwepo kwa kawaida hurudisha biti zote zikiwa 1. Kitanzi kinachosubiri biti iwe 0 hakitaisha kamwe.

Hata kiendeshi bora hakiokoi data ambayo haijaandikwa. Ndiyo maana Windows 10 toleo la 1809, la mwaka 2018, lilifanya uondoaji wa haraka, yaani kuandika data kwenye kifaa bila kuichelewesha, kuwa chaguo-msingi. Mwenye Linux aiondoe flashi kwa utaratibu kwanza.