Metali nzito katika mwili wa samaki

Ukisema "madini" katika mji wa migodi wa Kolwezi, watu wanaelewa shaba au kobalti iliyofungwa guniani ikisubiri mnunuzi. Ndiyo maana siiafiki tafsiri ya "madini mazito" kwa "métaux lourds": inaleta picha ya mali. Istilahi inayofaa ni metali nzito. Uzito unaotajwa hupimwa kwa ujazo: sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1, ya shaba karibu 9, ya risasi zaidi ya 11. Lakini metali ikishayeyuka majini haizami wala haionekani.

Kwa miongo mingi maji machafu ya viwanda vya Kolwezi yameingia katika mito ya Luilu na Musonoi, upande wa mto Lualaba. Samaki huyapitisha kwenye matamvua kila anapopumua. Mfunue shavu samaki mwenye afya: utaona nyuzi nyekundu zilizopangika kama meno ya kitana. Metali zikizidi, nyuzi hizo hujaa ute, huvimba na kushikamana, na oksijeni hukosa njia. Huo ndio uharibifu wa tishu. Sehemu ya metali huchukuliwa na damu hadi kwenye ini na figo. Metali ikiingia kwa kasi kubwa kuliko inavyotolewa, tunasema kuna mlimbikizo.

Kambale ananitia hofu zaidi. Maji yakipungukiwa oksijeni, yeye huvuta hewa ya juu na kuishi pale wenzake wanapokufa. Mnunuzi humwona mzima, mnene, akadhani ni salama.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa maeneo ya migodi Katanga: kobalti ilikuwa nyingi kupita kiasi. Mwaka uliofuata ukachapishwa utafiti juu ya samaki wa bonde la juu la Lufira, nao wakakutwa na metali.

Anayeishi mbali na migodi, kwa mfano Sandoa, anaweza kujiona salama: mji huo uko kwenye Lulua, mto unaoelekea Kasai, kwa hiyo maji ya Kolwezi hayafiki huko. Samaki mkavu, hata hivyo, husafiri kwa lori, na jua, moshi au sufuria haviondoi metali.

Kabla ya kumweka samaki mezani na bukari, tupa matamvua, matumbo, ini na figo. Kwa kawaida mnofu huwa na metali kidogo kuliko viungo hivyo. Lakini kisu cha jikoni hakitoshi. Serikali ya jimbo ipime samaki wa masokoni na itangaze matokeo kwa Kiswahili, ikizitaja kobalti, risasi na kadimi kwa majina.