Kuuliza Mapema: Kauli ya Mwanafunzi wa Chuo, kwa Kutazama Msoga na Lugoba

Vyuo vyetu huwauliza wanafunzi maoni kuhusu ufundishaji, ila huwauliza wakiwa wameshaanza kufunga mizigo. Dodoso la tathmini ya somo hujazwa mwishoni mwa muhula, majibu hujumlishwa, na wastani wake huingia katika jalada la mhadhiri. Aliyelijaza hafaidiki na lolote. Kama alipotea tangu wiki ya pili, ameshapotea, na mtihani uko mlangoni. Ninachokitetea hapa ni kwamba kauli ya mwanafunzi itafutwe katika wiki ya tatu au ya nne, itolewe kwa Kiswahili, na ijibiwe darasani mbele ya wale wale walioitoa. Hilo la kujibu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa mtindo wa vyuo vya Marekani ulioletwa na wafadhili. Si kweli. Jirani na Lugoba, upande wa Chalinze mkoani Pwani, kuna kijiji cha Msoga. Katikati ya miaka ya 1980 Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya pale mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, mmoja kati ya mfululizo ulioanzia Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na tamthiliya iliyokwisha kuandikwa. Walianza kwa kuchunguza matatizo pamoja na wanakijiji wenyewe na kuyachambua, ndipo zikaja ngoma, nyimbo na maigizo, yakafuata majadiliano ya hadhara, na baada ya hapo ufuatiliaji wa yaliyoamuliwa. Mwaka 1996 Mlama na Lihamba waliiingiza njia hiyo shuleni kwa mradi wa Tuseme, ili wasichana wa sekondari wayataje wenyewe yanayowakwamisha katika masomo. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake wanaelimu wa Afrika, liliueneza katika nchi nyingine za bara hili.

Miradi ya Msoga na Tuseme inatufundisha jambo ambalo dodoso halilijui: adabu haiondolewi kwa amri. Mtoto wa Pwani hulelewa akijua kwamba mkubwa hakosolewi usoni. Maigizo yalimpa msemaji mahali pa kusimama, kwa kuwa lililosemwa lilikuwa la mhusika na la kundi, wala halikuwa la binti fulani wa fulani. Kwa hiyo mhadhiri anayesimama mbele ya ukumbi na kuuliza, "Kuna mwenye maoni kuhusu ninavyofundisha?" asishangae anapojibiwa kwa ukimya. Ukimya ule si ishara ya kuridhika.

Tumfikirie kijana aliyemaliza kidato cha sita pale Lugoba Sekondari. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Lugha ya vitabu anaiweza. Kinachomshinda ni kusikiliza na kuandika kwa wakati mmoja katika ukumbi wa mamia ya watu, huku slaidi zikipita. Wiki ya tatu anaacha kuufuata mhadhara na kwenda kutafuta desa, yaani maandishi ya somo, la waliomtangulia. Mhadhiri haoni kitu, maana kijana anahudhuria na jina lake limo katika orodha. Habari itamfikia mhadhiri kupitia jaribio la kwanza, na jaribio litamwambia nani ameanguka tu, halitamwambia ameangukia wapi.

Hapo ndipo swali lenyewe linapohitaji kutungwa kwa uangalifu. Ukiuliza, "Mwalimu anafundisha vizuri?" utaandikiwa "Vizuri sana, mwalimu, Mungu akubariki." Ukiuliza, "Katika vipindi vya wiki hii, ni wapi hasa ulipoacha kuelewa?" utaandikiwa kitu cha namna hii: "Ulipotoka kwenye wastani kwenda kwenye mkengeuko, hatujui kwa nini tofauti zile zilipigwa kipeo cha pili." Karatasi hiyo moja inatosha kuandalia dakika kumi za kwanza za kipindi kijacho. Na iandikwe na kundi la watu watano au sita, kwa mwandiko mmoja, iwasilishwe kupitia kiongozi wa darasa. Katika vyuo vingi asilimia 40 ya alama ni kazi za muhula anazosahihisha mhadhiri huyu huyu. Hofu ya mwanafunzi ina msingi, na kundi linampa kificho cha heshima.

Tafiti za nje zinaunga mkono sehemu ya hoja hii. Mwaka 1980 mtafiti Peter Cohen alizikusanya pamoja tafiti 17 kuhusu wahadhiri waliopewa maoni ya wanafunzi katikati ya kozi. Waliopewa matokeo tu walipanda kidogo katika tathmini ya mwisho. Waliopewa matokeo, kisha wakaketi na mshauri kuyajadili, walipanda zaidi. Naisoma tofauti hiyo kuwa ndiyo ile ile ya Msoga: kinacholeta mabadiliko ni mazungumzo yanayoifuata takwimu.

Pingamizi linalosikika zaidi vyumbani mwa wahadhiri ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui kitu, na ukimsikiliza atataka somo jepesi. Nalipa pingamizi hili uzito wake. Mwanafunzi hana mamlaka ya kuamua kipi kifundishwe. Lakini juu ya mahali alipopotea hakuna shahidi mwingine. Na kujibu si kukubali kila ombi. Mhadhiri anaweza kusema: "Mmeomba tuache hesabu za uwezekano. Hatutaziacha, kwa sababu mtazihitaji mwaka wa tatu. Mmeomba slaidi zije kabla ya kipindi. Kuanzia Jumatatu zitakuja." Kukataa kwa sababu iliyotajwa nako ni kujibu. Anayekusanya karatasi na kunyamaza ni afadhali asingeuliza, kwani darasa litakuwa limejifunza kwamba kusema hakuna faida, na muhula ujao halitasema. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliitaka elimu ijenge akili ya kudadisi, na sioni akili hiyo itajengwaje na ukumbi usioruhusiwa kuudadisi ufundishaji unaofanyika humo humo.

Jambo moja linahitaji maamuzi ya taasisi. Karatasi za wiki ya nne zisiingie kabisa katika jalada la kupandishwa cheo. Zikiingia, mhadhiri atatafuta sifa, na wanafunzi watamwandikia sifa. Vitengo vya uthibiti ubora vibaki na dodoso lao la mwisho wa muhula, na katika wiki ya sita vimwombe kila mhadhiri nusu ukurasa tu: wanafunzi wako walisema nini, umebadilisha nini, na nini umekataa kubadilisha na kwa sababu gani. Nakala ya nusu ukurasa huo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa idara, ili waliosema waisome.