Beni, soul na magwanda ya jukwaani

Ave Africa, albamu pekee ya bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, ilitoka mwaka 1976. Miaka 50 baadaye ni rahisi kuisikiliza kama kazi ya vijana walioiga Wamarekani: gitaa la fanki na enzi ya nywele za afro na suruali za bugaluu. Hukumu hiyo si ya haki. Mwanamuziki anayevaa ili atikise jukwaa si mgeni katika mwambao wetu, na waliomkataza kwa jina la utamaduni ndio waliousahau utamaduni huo.

Ushahidi upo katika ngoma ya beni. Kitabu cha Terence Ranger cha mwaka 1975 kinaifuata ngoma hiyo kutoka Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, hadi ilipoenea Tanganyika nzima. Makundi ya Marini na Arinoti yalishindana kwa tarumbeta, gwaride na magwanda. Kila kundi lilikuwa na Kingi wake, majenerali wake na makanali wake. Mtu angeweza kusema kwamba huko nako kulikuwa kuwaiga wakoloni. Ranger anajibu vizuri: vyeo vilikuwa vya wanachama wenyewe, walisaidiana katika shida na misiba, na ushindani ulirithi utani na uhasama wa mitaa ya pwani wa tangu zamani. Gwanda lilitoka kwa Mzungu, lakini heshima aliyoipata mvaaji ilitolewa na watu wake.

Sasa njoo Novemba 1969. Mustafa Songambele alikuwa mkuu wa Mkoa wa Pwani, mkoa ambao wakati huo ulikuwa na Dar es Salaam ndani yake. Alipiga marufuku muziki wa soul ili kulinda utamaduni wa taifa. Tangu Januari mwaka huo, Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ilikuwa ikipambana na nguo fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua. Baada ya mwili kukaguliwa, ikafuata sauti. Mwanahistoria Andrew Ivaska ameonyesha jinsi barua za wasomaji zilivyowaka magazetini. Wapo waliopongeza. Wengine waliuliza swali ambalo naliona halikujibiwa: soul ni muziki wa watu weusi wa Marekani wanaopigania utu wao, sasa Tanzania ya ukombozi inaukatazaje?

Watetezi wa marufuku watasema sera hiyo ya utamaduni ndiyo iliyokuza muziki wa dansi. Kweli, Radio Tanzania ilirekodi bendi nyingi za nyumbani na hazina hiyo ni kubwa. Lakini dansi nayo ilijengwa juu ya rumba ya Kuba. Na Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962, aliposikitika kwamba wasomi wanajua twist na cha-cha-cha kuliko ngoma zao, aliitaja lelemama miongoni mwa ngoma hizo. Lelemama ambayo wanawake wa Mombasa waliivisha sare na tarumbeta za beni! Kipimo kilichoipitisha lelemama kilipaswa kuipitisha soul.

Sunburst, iliyoanza mwaka 1970, bendi ya mpiga gitaa Hembi Flory Kongo na mwimbaji James Mpungo, ilichanganya fanki, roki na midundo ya hapa, ikaimba Kiswahili na Kiingereza. Hiyo ilikuwa kazi ileile ya Marini na Arinoti. Mwaka 2016 rekodi zao za 1973 hadi 1976 zilitolewa upya na Strut, lebo ya London. Inauma kwamba waliofanya hivyo si sisi. TBC, iliyorithi maktaba ya Radio Tanzania, ingeanza kwa kuipiga Ave Africa yote, upande wa kwanza na wa pili, ikieleza pia habari za beni, ili kijana wa Kanga, kijiji cha kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, aisikie kwenye redio yake.