MATE: BARAKA, LAANA AU UGONJWA?



Sisi wa Shasha, hapa kando ya Ziwa Kivu, tumekua tukisikia maonyo mengi ya wazee. Usiteme mate mbele ya mtu, atasema umemlaani. Ukikata kucha, zifiche. Ukinyoa nywele, zifukie, adui asizipeleke kwa mchawi. Hata ndani ya kanisa, wengine wetu bado tunaogopa hayo kimoyomoyo.

Imani hizo ni za kale, na hazikuanzia kwetu. Kwa Wamasai, mzee humtemea mtoto mchanga mate ili kumbariki. Mskoti Joseph Thomson alipita katika nchi yao mwaka 1883 na 1884, akashangaa kuona kwamba kutemewa mate ni heshima kubwa. Katika Rwanda ya zamani, mwenye shida alitoa mate yake, mpiga ramli akayatia mdomoni mwa kifaranga, kisha akampasua kifaranga huyo asome habari matumboni mwake. Kwa Waroma, Plinio aliandika katika karne ya kwanza kwamba watu walimtemea mate mwenye kifafa ili ugonjwa usiwarukie. Tunaona basi: mahali pamoja mate ni baraka, pengine ni ramli, pengine ni kinga. Kama nguvu ingekuwa ndani ya mate yenyewe, mbona inabadilika kila nchi?

Mtu atauliza: je, Yesu hakutumia mate? Ndiyo, alitumia. Tunasoma hayo katika Marko 7 na 8, na katika Yohana 9. Lakini tuangalie vizuri. Yule kipofu wa Yohana 9 alipakwa tope machoni, kisha akaagizwa aende kunawa katika birika la Siloamu. Alinawa, akarudi anaona. Na Bartimayo, katika Marko 10, aliponywa kwa neno tu, bila mate. Nguvu ilikuwa ya Bwana. Na huyo Bwana mwenyewe alikubali kutemewa mate usoni na watu waliomdharau, na mate yao hayakuweza kumlaani.

Hata hivyo, ndani ya mate kuna kitu cha kuangalia. Tarehe 24 Machi 1882, daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Mgonjwa anapokohoa, kijidudu hicho hutoka na kuenea hewani. Na sisi wa Kivu ya Kaskazini tulijifunza kwa machozi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 iliua watu 2,287 mpaka ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020. Ugonjwa huo hupitia majimaji ya mwili wa mgonjwa, na mate yamo. Mgonjwa wa kwanza kugunduliwa Goma, Julai 2019, alikuwa mchungaji aliyetoka Butembo kwa basi. Alikuwa amehubiri katika makanisa na kuwekea watu mikono. Hatumhukumu, alikuwa akifanya kazi ya Bwana. Lakini upendo wake haukuzuia ugonjwa.

Kwa hiyo, ndugu na dada, tuache woga, tushike uangalifu. Mama mzee akitema mate mlangoni pako, usimwite mchawi. Neno hilo likitoka kinywani, linaweza kumfukuzisha kijijini, hata kumuua. Yakobo 3 inatuonya kwamba ulimi ni moto. Pengine mama huyo anakohoa tangu wiki nyingi. Basi mshike mkono, mpeleke kwenye kituo cha afya akapimwe makohozi. Kifua kikuu kinapona kwa dawa.

Tukikohoa, tufunike kinywa. Tusiteme mate ovyo, hasa mahali watoto wanapocheza. Tukitoka kuombea wagonjwa, tunawe mikono kwa sabuni. Kunawa si kukosa imani: hata yule kipofu aliambiwa aende akanawe.

Mungu awabariki.