Udongo wa Mbuga na Elimu ya Mkulima

Lugha yetu ya Kiswahili imeupa udongo mzito jina la fundi wake. Twauita udongo wa mfinyanzi, kana kwamba wa kwanza kuujua alikuwa mtengeneza vyungu wala si mkulima. Wahenga nao wakatuachia methali isemayo: Udongo upatize ungali maji. Methali hiyo twaitumia zaidi tunapowausia wazazi juu ya malezi ya watoto. Lakini mkulima wa udongo huo anayo maana yake mwenyewe. Ukiwa maji matupu, udongo humnasa jembe na miguu. Ukikauka, humrudishia jembe juu kama aliyepiga mwamba. Siku zake za kulima ni zile chache zilizo katikati, na mwenye kuzikosa amekosa mwaka mzima.

Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi wakulima wa nchi yetu walivyojifunza kuishi na udongo huo, hasa katika Usukuma, na jinsi waliokuja na fedha nyingi na mitambo mikubwa walivyoshindwa nao kule Kongwa. Nia yetu si kusifu mambo ya kale kwa kuwa ni ya kale. Twataka kuonyesha kwamba ujuzi wa udongo ni sehemu ya utamaduni wa taifa kama zilivyo ngoma na methali, na kwamba ukidharauliwa hasara yake huonekana ghalani.

Tabia ya udongo mzito

Yafaa kwanza tuuelewe udongo wenyewe. Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo mno, ambazo kila moja haifiki milimita 0.002. Chembe hizo hushikamana, na nafasi zilizo baina yake ni finyu, hata maji hupenya kwa taabu. Mvua kubwa ikinyesha maji hutuama juu, hewa hukosekana chini, na mizizi ya mimea mingi hukosa pumzi. Kwa upande mwingine, chembe hizo hushika maji na virutubishi vingi kuliko mchanga. Kwa hiyo udongo huu ni tajiri, ila ni tajiri asiyetoa mali yake kwa kila aombaye.

Upo mfinyanzi wa aina ya pekee, nao ni ule mweusi wa mabondeni. Huo huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo fimbo ya mchungaji huweza kuzama ndani yake. Udongo wa juu huangukia katika nyufa hizo, na mvua zirudipo ule wa chini husukumwa juu. Hivyo ardhi hujigeuza yenyewe mwaka hata mwaka. Weusi wake humdanganya mgeni akadhani ni mbolea tupu, kumbe udongo huo waweza kuwa mweusi na bado mbolea yake ya majani yaliyooza ikawa kidogo.

Wasukuma huuita udongo huo mbuga. Mwanafunzi wa leo asikiapo neno mbuga hufikiria tembo na simba. Mkulima wa Shinyanga au Kwimba hufikiria udongo unaonata. Hata miti huutambulisha. Mahali penye migunga mifupi yenye vinundu vyeusi, ambamo sisimizi wamefanya makao, mara nyingi chini yake pana udongo huo mweusi.

Mnyororo wa udongo wa Usukuma

Nchi ya Usukuma ina vilima vya mawe, miteremko mirefu na mabonde mapana. Mtu ashukapo kutoka kilimani hadi bondeni hupita juu ya udongo wa namna mbalimbali, na kila mmoja una jina lake. Katika miteremko iko luseni, yaani udongo wa kichanga ulio mwepesi kulimwa. Chini yake iko itogolo, ambayo ina tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Bondeni kabisa iko mbuga. Upo pia ibushi, udongo mweusi wenye chokaa.

Majina hayo si ya pambo. Kila jina ni shauri la kilimo lililofupishwa. Asemaye luseni amekwisha sema karanga, njugu mawe, mihogo na viazi vitamu, kwa kuwa mazao hayo hutaka udongo unaoachia. Asemaye mbuga amesema mtama, ambao huvumilia maji yaliyotuama na tena huvumilia jua kali. Amesema pia malisho ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Na mvua zinapokwisha, udongo huo mzito ukiwa bado umehifadhi unyevu ndani yake, hupandwa dengu, nazo hukua kwa maji ambayo ardhi imeyaweka akiba. Familia yenye shamba juu na shamba chini ilikuwa imejikinga pande mbili: mvua ikiwa chache, bonde huokoa, mvua ikizidi, mteremko huokoa.

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne, wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika. Aliona kwamba udongo wa kilimani na wa bondeni haufai kuchunguzwa mbalimbali, bali kama pingili za mnyororo mmoja. Akaliita jambo hilo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na jina hilo likaenea katika elimu ya udongo ulimwenguni. Neno mbuga nalo likaingia katika maandishi ya wataalamu. Twaona basi kwamba jambo ambalo wanavyuoni walilipa jina la Kilatini, wakulima wetu walikuwa wakilitenda kwa majembe yao.

Kazi, ngoma na mpunga

Udongo ambao siku zake za kulimika ni chache hudai mikono mingi kwa wakati mmoja. Usukumani vijana walikuwa na chama chao cha kazi, chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale, nao walialikwa kulima shamba la huyu leo na la yule kesho. Walilima kwa safu, majembe yakipanda na kushuka kwa mpigo wa ngoma. Ngoma ya Bugobogobo, ambamo wachezaji hushika majembe, yatokana na kazi hiyo. Wanafunzi waionapo jukwaani katika sherehe za shule, yafaa wakumbuke kwamba majembe yale yaliwahi kuwa na udongo.

Isidhaniwe kwamba ujuzi huu ulisimama mahali pamoja. Mpunga ulienea bara pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Katika karne ya 20 wakulima wa Usukuma waliingia zaidi na zaidi katika kilimo cha majaluba. Jaluba ni kitalu kilichozungushiwa tuta la udongo ili maji ya mvua yatiririkayo kutoka mteremkoni yasimame ndani. Hapa ile tabia iliyokuwa ila imegeuzwa kuwa faida. Maji yasiyopenya, ambayo yangeua mahindi, ndiyo hasa mpunga huyataka, maana bua lake lina njia za kupeleka hewa hadi mizizini. Plau ya kukokotwa na maksai ikaja kusaidia pale jembe la mkono lilipochelewa. Leo mikoa ya Shinyanga na Mwanza na jirani zake yahesabiwa miongoni mwa sehemu zitoazo mpunga mwingi nchini, na sehemu kubwa yake hutoka katika majaluba yanayotegemea mvua. Hivyo jadi iliyo hai hupokea mbegu na zana za wageni, lakini huzipima kwanza juu ya ardhi yake.

Funzo la Kongwa

Sasa na tugeukie Ugogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 tume ya watu watatu, ikiongozwa na John Wakefield, ilitumwa Afrika Mashariki, na katika muda wa wiki 9 ikapendekeza mpango wa kulima karanga katika ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kuwa karibu pauni milioni 25. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na baadaye ikafika Urambo na Nachingwea.

Ardhi ya Kongwa haikuwa mbuga nyeusi; ilikuwa nyekundu, yenye mchanga mkali uliochanganyika na mfinyanzi. Mchanga ule ulikula meno ya plau. Mfinyanzi nao, baada ya kulowa na kupigwa na jua, uliganda kama saruji. Hapo ndipo tabia ya karanga yenyewe ilipopingana na mpango. Karanga hutoa ua juu ya ardhi, kisha kikonyo chake huinama na kupenya udongoni, na huko ndiko ganda hufanyika. Udongo ukiwa mgumu, kikonyo hupenya kwa shida. Na hata kikipenya, wakati wa kung'oa mmea hukatika na karanga hubaki chini. Mtoto wa Kisukuma aliyetumwa kuchimba karanga katika luseni angelielewa neno hilo bila kuelezwa mara mbili.

Mvua nazo hazikuwa za kutegemewa. Wagogo walikwisha pata njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo waliiita Mtunya, na kilimo chao cha uwele na mtama pamoja na ufugaji kilikuwa jibu lao kwa nchi isiyo na uhakika wa mvua. Katika mwaka wa kwanza zilitazamiwa kulimwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500 tu. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuvunja mpango huo, na pauni milioni 36 zikafutwa kuwa hasara.

Haitoshi kucheka. Wale waliokuwa Kongwa hawakuwa wajinga wa mitambo. Walikosa tu kuiuliza ardhi kabla ya kuiamrisha. Kosa hilo halina taifa maalumu.

Amri na hiari

Kosa la aina nyingine lilitendeka Usukumani kwenyewe. Katika mpango wa maendeleo wa Usukuma wa miaka ya 1947 hadi 1956, wakulima waliamriwa kulima matuta yaliyofungwa kwa vizuizi ili maji ya mvua yasitoroke, na aliyekataa alitozwa faini. Katika mteremko wa kichanga shauri hilo lilikuwa na maana. Katika udongo mzito, na katika mwaka wa mvua nyingi, matuta yale yale yaliweza kuizamisha mimea. Lakini amri haikupambanua luseni na mbuga. Chuki iliyotokana na amri za namna hiyo, pamoja na zile za kupunguza mifugo, iliwaunganisha wakulima na harakati za siasa. Nayo serikali ya kikoloni ikaizuia TANU kufanya kazi Usukumani kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Kwa hiyo historia ya udongo ni sehemu ya historia ya uhuru wetu.

Wala tusijifiche. Baada ya uhuru, wakati wa kuhamia vijijini katika miaka ya 1974 hadi 1976, baadhi ya vijiji viliwekwa kando ya barabara kwa haraka, bila kutazama vya kutosha udongo wa mashamba mapya. Mtu aliyezoea kuwa na shamba juu na shamba chini aliweza kujikuta na aina moja tu ya udongo. Kupata shule na zahanati karibu kulikuwa jambo jema. Kupoteza pingili za mnyororo kulikuwa gharama, na gharama hiyo ilimwangukia mkulima.

Wajibu wa shule zetu

Twawashauri walimu waanzie katika shamba la shule. Wanafunzi na wachimbe shimo la kimo cha goti, watwae konzi ya udongo, waulowanishe na kuuviringisha mikononi. Ukifanya uzi mrefu usiokatika, huo ni mfinyanzi. Hapo wajue kwamba haufai kukanyagwa wala kulimwa ungali tope, maana utagandamana; kwamba kuongeza mchanga kidogo hakuulegezi; kwamba samadi na majani yaliyooza, yakitiwa kila mwaka, huufungua polepole; na kwamba mboga hustawi juu ya tuta lililoinuliwa, lenye mfereji wa kuondolea maji pembeni.

Kisha wanafunzi wawaendee wazee. Wawaulize kwa adabu: Udongo huu mwauitaje? Ulipandwa nini zamani? Ulilimwa siku ngapi baada ya mvua ya kwanza? Majibu yaandikwe katika daftari, pamoja na jina la udongo kwa lugha ya mahali pale na mazao yake. Makabila yote ya nchi yetu yanayo maneno ya namna hii, na mengi yanatoweka pamoja na wazee wenye kuyajua, kwa sababu kijana aliyekwenda shule hudhani kwamba elimu ni ile tu iliyokwisha pigwa chapa.

Jina la udongo likipotea, shauri lililokuwa ndani yake hupotea pia, na mtu wa baadaye italazimu alinunue upya kwa mavuno ya miaka kadhaa. Kazi ya kuyakusanya yataka daftari, jembe, na mwanafunzi asiyeona haya kuuliza. Ni kazi iliyo katika uwezo wa kila shule, nayo yafaa ianze wazee wangali nasi.